Sura ya Saba: Weusi Kwenye Mapezi

Binadamu ukimhoji, hata akikudanganya, anakuachia kitu cha kushika. Samaki anakupa mkia tu. Inspekta Benitha Ndyamukama alikuwa amechuchumaa mbele ya tangi la kioo, sebuleni kwa marehemu mzee Rwegasira pale Nyakasimbi, magoti yanamuuma, na samaki wanne wa dhahabu walikuwa wakimzunguka bila haraka kana kwamba yeye ndiye aliyefungiwa ndani ya kioo.

Walikuwa samaki wazuri, hilo hakulikataa. Rangi yao ilikuwa ya chungwa lililoiva, ila kila mmoja alikuwa na weusi mwilini. Wawili walikuwa weusi kwenye ncha za mapezi, mmoja mdomoni, na yule mkubwa, zaidi ya ukingo mweusi wa mkia, alikuwa na doa mgongoni utadhani kaguswa na kidole chenye masizi. Benitha aliwatazama karibu asubuhi nzima na hakuambulia kitu.

"Hawakuwa hivi," alisema Therese. "Niliwaleta mwenyewe kutoka Mwanza. Walikuwa wekundu watupu."

Therese alikuwa binti pekee wa marehemu, mwenye duka Bukoba, na tangu mazishi hakuwa ameondoka. Tangi lile alimnunulia baba yake macho yalipoanza kuingiwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Mzee hakuweza tena kuona sura ya mtu, lakini kitu chekundu kikipita karibu yake alikiona, na pampu ya hewa iliyobwabwaja kutwa ndani ya maji ilimliwaza. Kiti chake kilikuwa bado pale pale karibu na tangi, na kati ya kiti na kioo palikuwa na kigoda cha mtu wa kumhudumia.

"Weusi huu ulianza lini?" Benitha aliuliza.

"Adelgunda, mpishi wake, aliporudi kutoka msibani Kimuli, waitu."

Aliyejibu, na hilo neno lake la heshima, waitu, alikuwa Elipidius, mtoto wa mdogo wake mzee Rwegasira, mwanamume wa makamo aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Aliishi na mzee na kumtunzia kibanja chake cha migomba na kahawa. Alikuwa na tabia ya kujibu maswali ya watu wengine.

"Na kabla hajarudi?"

"Walikuwa wekundu. Labda wamepauka kidogo. Yeye kufika tu, weusi ukaanza."

"Wakati huo nani alikuwa akiwalisha?"

"Mimi. Samaki, mzee, kila kitu ni mimi. Nilikuwa mpishi, nilikuwa nesi."

"Sasa unatafuta nini tena, afande?" Therese alidakia. "Alimwaga humu sumu iliyobaki. Baba yangu ametoka damu puani na kwenye fizi mpaka akaisha. Yule mwanamke anyongwe."

Jalada la kesi nalo lilisema hivyo hivyo. Mzee alipokufa wote walidhani ni vidonda vya tumbo. Mkemia akakuta sumu ya panya, ile isiyoua papo hapo, inayoingia mwilini kidogo kidogo mpaka damu ikasahau kuganda. Pakiti yake ilikutwa jikoni, nyuma ya mafiga. Mwenye jiko alikuwa Adelgunda, mpishi wa mzee wa miaka mingi, na majirani walimsikia akimfokea mzee mara tu aliporudi kutoka msibani. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, na ndicho kilichomkera Benitha.

Mkemia alisema nini kilimuua mzee. Hakuweza kusema lini kilianza kumwingia. Kama ni baada ya Adelgunda kurudi, basi ndiye. Kama ni kabla, mama wa watu alikuwa akilala kwenye sakafu ya mahabusu bure. Jana yake Benitha alikuwa amekwenda hadi Kimuli, akala vumbi la kutosha, na kijiji kizima kikamwapia kwamba Adelgunda hakutoka kwenye matanga ya mama yake hata siku moja. Ulikuwa ushahidi safi kabisa wa jambo ambalo hakuna mtu aliyelibishia.

Simu ikaita. Alikuwa Afande Yustus, mkuu wake wa upelelezi.

"Jalada limekamilika?"

"Bado, afande. Kuna hawa samaki."

"Samaki gani?"

"Wamebadilika rangi. Nikijua kwa nini, huenda nikajua lini."

Upande wa pili ulisikika mguno wa mtu anayehesabu miaka iliyobaki kustaafu. "Benitha. Yule mama anapandishwa mahakamani kesho asubuhi kwa mauaji. Unataka nikamwambie wakili wa serikali kwamba shahidi wetu ni samaki?"

Kesi ya mauaji haina dhamana. Benitha aliwajua watu walioingia rumande watoto wao wakiwa hawajaanza shule, wakatoka watoto wana ndevu, na mwisho wa yote wakaambiwa hawana kesi ya kujibu. Adelgunda hakuwa na umri wa kumwezesha kusubiri hivyo.

Elipidius alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwanza akachukua punje yeye mwenyewe, akaitia mdomoni mbele yao, ndipo akawasogezea. Kwao Benitha, Muleba, ilikuwa hivyo hivyo: anayetoa anaanza, mgeni aone kwamba kinachotolewa ni salama. Alitafuna ule uchungu, akaomba ndoo.

"Ndoo ya nini?" Therese akauliza.

"Namchukua huyu mkubwa."

Kumkamata kulimlowanisha hadi kwenye viwiko.

*

Kituoni askari wa zamu alichungulia ndani ya ndoo na kumpigia Benitha saluti. "Afande, huyu naye tumwandikie mahabusu?"

"Mwandikie likizo," Benitha alisema, "anipe na mimi nusu."

Adelgunda aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku, kanga amejifunga kwa hasira. Alikuwa mama mfupi mwenye mikono mipana, weusi wa utomvu wa ndizi haukumtoka kwenye vidole hata baada ya siku hizi zote za kukaa ndani.

"Shikamoo, Ma Adelgunda."

"Marahaba. Umeniletea ndoo, nikufulie?" Akachungulia, na uso wake ukalegea. "Ha! Huyu si wa mzee?"

"Ndiye. Mama, sumu ilikutwa jikoni kwako."

"Jikoni kwangu mimi nikiwa Kimuli namzika mama yangu. Uliona kufuli mlangoni?"

"Uliporudi ulimfokea mzee."

"Nilimfokea kwa sababu nilimkuta amekonda! Fizi zinatoka damu, ananiambia ni mswaki. Mswaki gani? Nikasema twende hospitali, akasema Elipidius anamtengenezea dawa za miti shamba, atapona. Ndiyo nikapiga kelele. Na kwenye kibuyu cha mramba nikakuta nyasi zimejaa mpaka aibu."

Mramba ni maji ya ndizi mbivu zilizokamuliwa kwa kusuguliwa na nyasi mpaka zitoe utamu wake. Yakilala yakachacha na mtama, yanakuwa rubisi, na hapo ndipo harusi na ugomvi huanzia.

"Nyasi zina ubaya gani?" Benitha aliuliza, ili kuuliza tu. Kichwa kilishaanza kumuuma.

"Mimi nachuja kwa kitambaa, mara mbili. Muulize yeyote Nyakasimbi kama amewahi kutema jani kwenye mramba wangu. Huyo Elipidius anakamua kama anafua soksi, anamnywesha mtu mzima vipande vya nyasi. Na mzee hakuwa na kingine cha kunywa. Rubisi daktari alimkataza, ini bovu, sisi sote tupo tunasikia. Kwa hiyo ni mramba, unakamuliwa asubuhi, unanywewa mchana, ukibaki namwaga usije ukachacha."

"Ulikuwa ukionja kabla ya kumpa?"

Adelgunda alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anavaa nguo. "Wewe si wa huku? Kibuyu ni kimoja, kinamiminwa mbele yake, anakisikia. Anayemimina anakunywa kwanza. Mzee bila hivyo hashiki kikombe, hata ungekuwa mwanawe wa kumzaa. Mimi nilikuwa nakunywa kikombe kizima. Naupenda."

"Na samaki? Wanasema ulimwaga kitu kwenye tangi."

"Nilimwaga maji yao! Yalikuwa na povu, yananuka kama mtumbwi wa kukamulia ndizi uliosahaulika juani. Samaki wamelala chini kwenye kokoto, mapezi yamechanika. Nikayatoa yote, nikatia ya mvua."

Kalamu ya Benitha ilisimama. "Yote? Uliyamwaga wapi?"

"Kwenye migomba. Wapi tena?"

Benitha alitamani kupiga kichwa ukutani, akajizuia kwa sababu ukuta ulikuwa wa serikali. Kama kulikuwa na kitu chochote ndani ya maji yale, mgomba ulishakinywa na pengine mkungu wake ulishaliwa. Afande Yustus akisoma maelezo haya, ataandika maneno mawili tu pembeni: kaharibu ushahidi. Mama huyu alikuwa anajifunga kamba mwenyewe, tena kwa sauti kubwa.

"Mama, ungekaa kimya ungekuwa umenisaidia zaidi," alisema.

"Nikae kimya, kwani nimeua?" Adelgunda alisimama kabla hajaruhusiwa. Mlangoni akageuka. "Kesho wananipeleka mahakamani, eti?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mrudishe huyo kwa wenzake. Ndoo ni ndogo."

*

Bwana samaki wa wilaya aliitwa Novatus, na hakuwepo ofisini. Ofisini walisema yuko Kiruruma kwenye bwawa la mkulima. Kiruruma kwenye bwawa la kwanza walisema ametoka sasa hivi kwenda la pili. Njia nzima Benitha alikaa kiti cha mbele na ndoo katikati ya miguu, maji yakimrukia kwenye sketi kila dereva alipokosa kukwepa shimo. Alikuwa amemtumia Novatus picha siku mbili nyuma na kupata jibu la neno moja: fangasi. Alikuwa ameandika neno fangasi kwenye jalada, akalipigia mstari, na halikumsaidia lolote.

Alimkuta ndani ya maji mpaka kiunoni, anawafokea watu wanaovuta wavu.

"Ulisema fangasi!" Benitha alimpigia kelele kutoka ukingoni.

"Picha yenyewe ilikuwa ya kidole chako, afande. Kwa nyuma kuna samaki kidogo."

Alipanda ukingoni akichuruzika, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, akalowanisha viganja na kumwinua yule samaki taratibu. Kelele zake zikaisha. Alimgeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba juu ya doa la mgongoni, akakitazama kidole.

"Hautoki, kwa hiyo si uchafu wala rangi. Fangasi ingekuwa nyeupe, ina manyoya kama pamba, na hapa hakuna. Kuna minyoo ya konokono, ile inaacha vidoa vyeusi, lakini vinakwaruza kidoleni kama punje za chumvi. Shika."

Benitha alishika. Palikuwa laini.

"Basi ni nini?"

"Kovu."

"La kuumwa na mwenzake?"

"La kuungua. Kwa maji." Akalikunjua pezi la mkia kwa ukucha. "Maji ya tangi yakioza yanakuwa makali, yanachoma ngozi na mapezi. Ona hapa pezi lilipochanika, ukingo wake mweusi. Sasa tazama mbele ya weusi. Unaona hiki kipande kinachopitisha mwanga kama karatasi ya nailoni? Hilo ni pezi jipya, linaota."

"Kwa hiyo huu weusi ndio mwanzo wa ugonjwa wake."

"Afande, nazungumza Kiswahili." Novatus alimrudisha samaki ndani ya ndoo. "Huu ni mwisho wa ugonjwa. Samaki wa aina hii anapoungua hawi mweusi. Anapauka, anatoa ute, analala chini. Ukiondoa kinachomchoma, ngozi ikaanza kupona, ndipo weusi unatokea. Mwenye samaki anaona weusi anapiga mayowe kwamba wanakufa, kumbe ndiyo kwanza wamepona. Kila siku naletewa kesi hizo."

Benitha alikaa chini kwenye nyasi mbichi, sketi ikaloa na upande wa pili. Siku zote alikuwa amelishika jambo hili miguu juu, na jalada zima lilikuwa limeandikwa hivyo. Weusi ulianza Adelgunda aliporudi, kila mtu aliona, na ilikuwa kweli. Ulianza kwa sababu aliporudi, kilichokuwa kinawachoma kilikoma.

"Nini kinaozesha maji hivyo?" aliuliza. "Sumu ya panya?"

"Ile kwa matone matone kwenye tangi zima? Samaki wasingeonyesha lolote la kuonekana kwa macho. Hapa ni chakula kingi, au kitu kitamu. Soda, uji, juisi. Tena si mara moja. Mtu alikuwa akiwamwagia kila siku kidogo. Mna mtoto mtundu kwenye hiyo nyumba?"

"Hakuna mtoto," Benitha alisema polepole. Alikuwa anakiona kigoda kile kati ya kiti na tangi. Alikuwa anasikia harufu ya mtumbwi wa ndizi juani. "Kuna mzee asiyeona, asiyekunywa mpaka mwenzake aonje."

"Sijakuelewa."

"Maji yale yalimwagwa yote. Sina hata tone."

"Na sponji ya pampu? Yenyewe ndiyo inakamata uchafu. Watu wakibadilisha maji wanaisahau, wote, hata waliosoma."

Benitha alikuwa ameshanyakua ndoo.

*

Therese alimkuta akiwa amezamisha mkono tangini mpaka begani.

"Umemleta huyo, sasa unawachukua wengine?"

"Naomba sahani nyeupe."

Sponji ilitoka kwenye pampu ikiwa imevimba na kuteleza. Benitha aliiminya nusu juu ya sahani, nusu nyingine akaitia kwenye mfuko wa vielelezo kwa ajili ya mkemia. Uji wa kahawia ulitiririka, unanuka ndizi iliyochacha. Akautawanya kwa ncha ya kalamu. Ndani yake kulikuwa na vipande vyembamba vya nyasi, vingi, vimelainika lakini havijaoza.

"Mramba?" Therese alisema. "Mramba umefikaje humu?"

"Kaa kwenye kiti cha baba yako. Fumba macho."

Therese hakutaka, kisha akakaa. Benitha aliketi kwenye kigoda na kikombe cha maji, kioo kikiwa nyuma ya kiwiko chake. Pampu ilikuwa ikibwabwaja. Alikiinua kikombe mpaka mdomoni, akashusha mkono taratibu kupita bega, akakimimina tangini, akatoa pumzi ya mtu aliyeburudika.

"Umesikia nini?"

"Pampu. Na wewe umekunywa."

"Fumbua macho."

Therese aliona kikombe kitupu juu ya ukingo wa tangi, bado kinachuruzika ndani. Alitazama kikombe, akatazama kigoda, na hakusema tena habari ya kunyonga mtu.

Elipidius aliingia kutoka kibanjani akiwa na majani ya migomba begani. Aliona sahani mezani na kuyaweka majani chini kwa uangalifu uliozidi kiasi.

"Adelgunda alipokuwa Kimuli, nani alimkamulia mzee mramba?" Benitha aliuliza.

"Mimi, nimekwambia."

"Na kumuonjea?"

"Mimi. Ndiyo mila yetu."

"Mramba uliokuwa ukiuonja umekutwa ndani ya sponji ya samaki."

"Adelgunda huyo. Alimwaga yeye, akidhani nimeweka kitu."

"Adelgunda anachuja kwa kitambaa, mara mbili. Nyakasimbi nzima inajua. Hizi nyasi ni za mtu asiyechuja. Isitoshe, samaki wanasema walianza kupona siku aliporudi. Walikuwa wanaungua wakati wako."

Elipidius aliangalia vidole vya miguu yake. Alipoinua kichwa alikuwa anatabasamu, na Benitha hakulipenda tabasamu lile, kwa maana lilikuwa na jibu ndani yake.

"Basi niseme ukweli, waitu, ingawa ni aibu. Mimi nimeokoka. Therese shahidi, kwaya nzima shahidi. Pombe siigusi. Lakini nitamwambiaje baba mkubwa kwamba sionji kinywaji chake? Ningemvunjia heshima. Kwa hiyo nilikuwa naileta mdomoni, halafu namwaga. Kwani kumdanganya mzee kidogo kwa ajili ya wokovu ndiyo mauaji?"

Kilikuwa kisingizio kizuri mno. Benitha aliona wakili wa utetezi akikikunjua mbele ya hakimu kama shuka safi, na mahakama nzima ikitikisa kichwa kwa huruma. Nusu ya walokole aliowajua yeye mwenyewe walishawahi kumwaga rubisi chini ya meza za harusi. Siku nzima ya kubeba samaki, na mtu anajitokea mlangoni hivi hivi.

"Pombe gani, Elipidius?"

Aliyeuliza alikuwa Therese, bado amekaa kwenye kiti cha baba yake. Alinyoosha mkono, akachomoa waya wa pampu. Nyumba ikawa kimya ghafla.

"Nauliza pombe gani? Baba aliachishwa rubisi. Daktari alituita sisi watatu, mimi, wewe na Adelgunda, akatuambia asiguse. Ulisema amina kwa sauti kuliko wote. Ulikuwa unamkamulia mramba wa asubuhi. Mramba hata watoto wa shule ya Jumapili wanakunywa kanisani kwenu. Uliogopa nini humo ndani?"

Elipidius alifungua kifungo cha shingoni. Kisha kingine.

"Kibanja ni cha ukoo," alisema hatimaye, na hakuwa anamjibu Benitha. "Alitaka kukupa wewe. Mwanamke wa dukani Bukoba. Mimi nimepalilia kahawa hii tangu niko kijana. Wewe ulimletea samaki."

Therese aliinama, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu msiba. Benitha alitoa pingu. Hasira ilikuwa imemjaa, si kwa Elipidius peke yake, bali kwa siku zote alizozipoteza akiandika fangasi.

"Afande," alisema kwenye simu akiwa uani, "futa hati ya kesho. Namleta mwingine."

"Kwa ushahidi wa samaki?"

"Wa sponji, afande. Na kinywa chake mwenyewe."

Afande Yustus alishusha pumzi ndefu. "Utaandika maelezo yote wewe. Sitaki kuulizwa hata swali moja kuhusu mapezi."

*

Asubuhi ilifika, na Adelgunda hakupanda gari la mahakamani. Makaratasi ya kumwachia yalichelewa, kisha mtu wa mhuri akachelewa, kisha mhuri wenyewe ukakosa wino, na Benitha akagombana na watu watatu kabla ya chai. Mwishowe mama alitoka getini na viatu vyake mkononi, akafinya macho kwenye jua.

Therese alikuwa akimngoja chini ya ukuta, amesimama. Pembeni yake alikuwa ameweka kibuyu na kikombe kimoja. Hawakusalimiana. Mtu uliyesema anyongwe huanzi kumwambia habari za asubuhi.

Therese alipiga magoti pale kwenye changarawe. Akamimina mramba mbele ya macho ya Adelgunda, akaunywa yeye kwanza, funda kubwa, akameza ili koo lake lionekane likimeza. Ndipo akajaza tena, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kumpa.

Adelgunda hakukipokea haraka. Alimtazama Therese, akatazama kile kikombe, huku Benitha akiwaangalia kutoka getini.

"Nani amekamua?"

"Mimi mwenyewe, Ma."

Adelgunda alikichukua, akanywa chote bila kupumzika. Kisha akaingiza vidole viwili vyeusi kinywani, akatoa kipande cha nyasi, akakishika juu kwenye mwanga ili wote wakione.

"Twende nyumbani," alisema. "Nikufundishe kuchuja."